Chupa ilirudi haijafunguliwa: kwa nini wateja wetu hawawaamini tena wanaosifia bidhaa mitandaoni

Muuza Duka wa Majengo (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mada hii nimekaa nayo kwa muda mrefu, na kwa kuwa ninataka ieleweke vizuri, naomba mnivumilie kwa urefu wake.

Ninauza vipodozi katika Soko la Majengo hapa Dodoma, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Nilipoanza, mteja alikuwa akiingia anaeleza shida yake: ngozi inapauka kwa vumbi na upepo wa kiangazi, midomo inapasuka, nywele zinakatika, nami namweleza ninachokijua. Baadaye ukaja wakati ambapo mteja haelezi shida wala haombi ushauri, anainua simu, ananionyesha picha aliyoihifadhi kutoka kwenye ukurasa wa mtu maarufu, na kusema, "Nataka hii." Kwa miaka kadhaa biashara yangu iliendeshwa na picha hizo. Bidhaa ikitajwa na msanii Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi inaulizwa dukani kabla sijafagia kibaraza, na ile isiyotajwa na mtu hukaa kwenye rafu mpaka muda wake unaisha.

Siku hizi mteja bado anainua simu, lakini neno linalofuata limebadilika. Anauliza, "Huyu si amelipwa?" Nilidhani swali hilo ni la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ambao wanashinda mtandaoni na wanayajua mambo yake, mpaka mwezi uliopita nilipoulizwa na mama wa makamo aliyetoka Chamwino kuleta kuku sokoni. Binti yake alikuwa amemwonyesha video ya sabuni ya kutoa madoa. Mama aliitazama mpaka mwisho, akarudisha simu, akasema, "Huyu kila wiki ana sabuni nyingine iliyomtoa madoa yale yale. Mwanangu, mtu akipona hapaswi kuponeshwa tena Jumatatu." Wakaondoka na sabuni ya kipande.

Nataka kueleza kwa nini tumefika hapa, na nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu sina haki ya kuwasema wengine kabla ya kusema nililolifanya.

Mwaka 2022 nilipokea katoni nne za mafuta ya nywele kutoka kwa msambazaji mmoja, na kwa mwezi mzima zikatoka chupa tano tu. Nikashauriwa nimtafute kijana mmoja wa hapa mjini mwenye wafuasi wengi. Tulikubaliana shilingi 150,000 kwa video moja na stori tatu, nikampelekea chupa moja ili ajaribu. Aliniomba maneno ya kusema, nami nikamwandikia kuwa mafuta ni mepesi, hayana harufu kali na bei yake ni nafuu. Akanijibu kwa ujumbe ambao ninao hadi leo: "Dada, hayo hayauzi, niachie mimi. Na usiniambie niandike kuwa ni tangazo, watu wakiliona hilo neno wanapita." Siku ya tatu video ikatoka. Alisimulia kuwa nywele zake zilikuwa zinakatika tangu mwaka uliotangulia, kwamba rafiki yake ndiye aliyemwelekeza mafuta haya, kwamba ameyatumia kwa wiki sita, na kwamba halipwi na mtu yeyote ila anawapenda wafuasi wake na hataki wateseke kama alivyoteseka yeye.

Wiki ile niliuza chupa 31. Jumatatu iliyofuata kijana alimpa bodaboda ile chupa anirudishie, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia kwamba ni ya hesabu za duka. Ile plastiki nyembamba inayobana kifuniko ilikuwa haijachanwa. Nilisimama nyuma ya kaunta nikiizungusha chupa mkononi, nikitafuta mahali ilipofunguliwa, na sikupaona. Sikumpigia simu. Sikumwambia mteja yeyote. Niliifuta vumbi, nikairudisha kwenye rafu, na jioni yake ikanunuliwa, ikawa ya 32.

Mafuta yale hayakuwa na madhara. Yalikuwa mafuta ya kawaida ambayo hayana uwezo wa kuzuia nywele kukatika. Baada ya mwezi mmoja hivi wateja walianza kurudi. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi aliyenunua chupa mbili kwa fedha za bumu, yaani mkopo wa chuo. Hakudai arudishiwe pesa yake. Alisema, "Dada, wewe ungenisifia nisingenunua, maana najua unauza. Yule nilimwamini kwa sababu alisema halipwi." Nimeyasikia matusi mengi kaunta hapo, na hakuna lililonikaa moyoni kama maneno hayo ya upole.

Fikirini tofauti iliyopo kati ya jambo hilo na mnada. Ukienda mnadani Msalato siku ya Jumamosi utamkuta muuza dawa na kipaza sauti chake, amepanga chupa juu ya turubai, anaeleza kuwa dawa moja inatibu minyoo, kiuno na macho. Anatia chumvi, na kila anayemsikiliza anajua kuwa anatia chumvi, kwa sababu mzigo uko miguuni pake na mkono wake uko tayari kupokea hela. Msikilizaji anaanza kupunguza maneno yake tangu anapomwona kwa mbali. Tena ukipata hasara unajua pa kumpata Jumamosi ijayo. Yule wa kwenye simu amekuondolea ngao hiyo. Anakuzungumzia akiwa kitandani kwake, amefunga kilemba, hajapaka kitu usoni, anakuita mpenzi wangu, na umeshamzoea kwa sababu umemwona akimbatiza mtoto wake na akimzika baba yake. Anapokutajia krimu unaisikia kama ushauri wa shoga yako au dada yako. Malipo yaliyofichwa yanafanya kazi kwa sababu tu yamefichwa. Yakitajwa, tunarudi mnadani na kila mtu anashika mfuko wake.

Malipo yenyewe yana sura nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wapo wanaopewa fedha taslimu kwa kila chapisho, wapo wanaopewa mkataba wa ubalozi wa mwaka mzima, wapo wanaopelekewa bidhaa za bure, na wapo wanaopewa kuponi ya punguzo yenye jina lao, ambayo mteja anaiona kama zawadi kumbe ndiyo inayohesabu kamisheni ya aliyeitoa. Kuna pia soko la wafuasi wa kununua na maoni ya kununua, ndiyo maana utaona chini ya video watu arobaini wasio na picha wote wameandika "nimetumia, jamani ni kweli" ndani ya dakika kumi. Vijana wana neno chawa kwa mtu anayeishi kwa kumsifia mwenye nacho, na sasa nasikia wateja wakilitumia hata kwa wasanii waliokuwa wakiwapenda sana. Neno hilo likishamganda mtu, hata akisema kweli hasikilizwi.

Hadi hapo nimezungumzia hasara ya fedha. Kuna hasara nyingine inayonitia hofu zaidi.

Mapema mwaka jana dada mmoja mfanyakazi wa hoteli alikuja dukani akiwa amejifunika mtandio mpaka chini ya macho. Alikuwa ameagiza krimu ya kung'arisha uso kupitia ukurasa wa Instagramu wa mtu maarufu aliyesema ni ya mimea mitupu. Ililetwa kwa basi, akaipokea stendi ya Nanenane, akailipia kwa simu. Aliponionyesha mashavu yake, ngozi ilikuwa nyekundu na inachunika pembeni ya pua. Nikamwomba kopo. Kwenye lebo kulikuwa na picha ya jani la mshubiri na jina la yule mtu maarufu kwa maandishi ya dhahabu. Hapakuwa na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, wala alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Nikaingiza ukucha kwenye kona ya lebo nikaivuta taratibu, na chini yake ikatokea lebo nyingine, ya krimu tofauti kabisa, iliyoandikwa kwa lugha ambayo mimi na yeye hatukuweza kuisoma. Dada yule aliiangalia bila kusema neno. Nilimsihi aende hospitali siku ile ile na abebe kopo lile, akaenda.

Sikuwa na namna ya kujua ndani yake mna nini, lakini sisi tunaouza vipodozi tunajua kinachowekwa kwenye mkorogo, yaani krimu za kuchubua ngozi. Zebaki hutumika kwa sababu inazuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili, kwa hiyo mtumiaji anaona weupe ndani ya muda mfupi na anaamini krimu ni nzuri. Lakini zebaki hupenya mwilini na kuharibu figo, na inaweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni nayo ikitumika muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka. Vyote viwili vimepigwa marufuku katika vipodozi hapa nchini kwa miaka mingi, na Mkataba wa kimataifa wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazibana krimu zenye zebaki duniani kote. Mtu anayeshika kopo la namna hiyo mbele ya kamera akasema "natumia hii na watoto wangu" bila kulisoma amechukua dhamana ya figo za watu asiowajua. Dada yule alipomwandikia kwenye ukurasa wake kumweleza yaliyompata, ujumbe ulifutwa na yeye akazuiwa.

Watu huniuliza, je, sheria haipo? Ipo, tena kwa vipande vipande. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha walaji. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi uko chini ya TBS, na iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Maudhui ya mtandaoni yana kanuni zake chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), za mwaka 2018 na kisha za mwaka 2020. Na kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2024, malipo wanayopewa watengeneza maudhui yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Hilo la mwisho linanifikirisha sana. Kama mkusanya kodi anaruhusiwa kujua kwamba fedha imepita, kwa nini mteja anayetoa hiyo fedha asijue? Ninachokidai ni kidogo na hakihitaji ofisi mpya: anayelipwa aseme amelipwa, aseme mwanzoni mwa video kwa Kiswahili kinachoeleweka, na akisifia kitu chenye madhara asiruhusiwe kusema kuwa yeye alikuwa mpita njia.

Wenzetu wameanza. Ufaransa ilipitisha sheria mwezi Juni 2023 inayowalazimisha wanaosifia bidhaa mitandaoni kuonyesha wazi kuwa wamelipwa, ikapiga marufuku kabisa kutangaza upasuaji wa urembo, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 2 na faini ya yuro 300,000. Marekani, mwezi Oktoba 2022, nyota wa televisheni Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 kwa sababu alisifia sarafu ya kidijitali kwenye Instagram bila kutaja malipo ya dola 250,000 aliyopokea. Mtu mkubwa kiasi hicho aliulizwa swali lile lile la mama wa Chamwino.

Nimalizie na jambo linaloniumiza kama mfanyabiashara. Kuna kikundi cha akina mama wa Mpwapwa wanaokamua mafuta ya mbegu za ubuyu. Nimefika wanapofanyia kazi; nimeona mbegu zikioshwa, zikianikwa, zikikamuliwa, na mafuta yakichujwa kwa kitambaa cheupe. Ni mafuta mazuri kwa ngozi inayokauka kama ya kwetu huku. Nikimweleza mteja hayo, ananitazama kwa macho yale yale anayomtazamia mtu wa kwenye simu. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wateja wetu wametafunwa mara nyingi. Wanaolipia dhambi hiyo ni wale mama wasiowahi kumdanganya mtu, ambao hawana shilingi 150,000 ya kumpa yeyote.

Naomba michango yenu. Nitajibu kila mmoja kadiri nitakavyoweza nikifunga duka.

Kijana wa Ilazo

Dada mleta mada, shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao unaowazungumzia, na nimesoma andiko lako lote. Nilimaliza chuo miaka mitatu iliyopita, nimepeleka maombi ya kazi mpaka nimechoka, na ukurasa wangu wenye wafuasi elfu kumi na nane ndio unaolipa kodi ya chumba. Naomba wanajukwaa wafahamu kwamba mara nyingi anayekataza neno "tangazo" ni mwenye bidhaa. Nimewahi kutumiwa maelekezo yaliyosema kwa herufi kubwa kwamba video ionekane ya kawaida, kama nimeikuta bidhaa dukani kwa bahati. Nikikataa, kazi inakwenda kwa mwingine jioni hiyo hiyo. Halafu kuna wenye maduka wanaotaka kulipa kwa kunipa sabuni tatu. Mnatulaumu sisi kwa sababu sura zetu ndizo zinazoonekana, ilhali aliyeandika maneno amekaa ofisini na jina lake halijulikani.

Muuza Duka wa Majengo

Marahaba, mdogo wangu, na asante kwa kuwa mkweli. Unalosema ni sahihi, nami ni ushahidi wako: hata kama yule kijana wangu ndiye aliyekataa neno "tangazo", mimi mwenye bidhaa nilikubali kwa sababu jambo hilo lilikuwa na faida kwangu. Kwa hiyo anayelipa awajibike sawasawa na anayelipwa, na ikibidi awajibike zaidi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye fedha. Lakini kuna sehemu moja ya mzigo ambayo huwezi kumtwika mwenye bidhaa. Kusema umetumia kitu wiki sita wakati hujakifungua ni ulimi wako. Ukiambiwa useme hivyo, unaweza kujibu, "Nitaionyesha, nitasema bei na mahali inapopatikana, ila sitasema nimetumia." Najua kuna watakaokukataa. Na mimi ninayeuza nakwambia kuwa wapo wenye maduka wanaotafuta mtu wa namna hiyo na hawampati.

Mwalimu Kongwa

Naomba nichangie kwa upande wa mikopo, kwa maana uharibifu huu haukuishia kwenye vipodozi. Ukurasa mmoja wa vichekesho ambao mimi na walimu wenzangu tulikuwa tukiufuatilia ulianza kuonyesha programu ya mikopo ya simu. Mwenye ukurasa alisema yeye mwenyewe aliitumia alipokwama ada ya mtoto, na kwamba masharti yake ni rafiki. Nilipakua. Niliomba shilingi 100,000 nikapokea pungufu yake, na siku ya kurudisha ilikuwa karibu kuliko nilivyoelewa. Nilipochelewa siku mbili, watu waliokuwa kwenye orodha ya simu yangu wakaanza kupokea ujumbe kuwa mimi ni tapeli: mkuu wangu wa shule, wazazi wa wanafunzi, na mama mkwe wangu aliyeko Kondoa. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Niliisoma orodha ile kwa kidole, mstari kwa mstari. Jambo ninalotaka kulisisitiza ni kwamba yule mchekeshaji hakunipigia simu kunipa pole. Bado ana ukurasa wake, na sasa anatangaza kubashiri mechi.

Mzee wa Kizota

Wanangu, nimesoma, na nina mawazo tofauti kidogo. Mwaka 2009 ilipoanguka DECI, ule upatu wa "kupanda" fedha ili "uvune" zaidi, hapakuwa na Instagram mikononi mwa watu. Watu walipanda, wengine wakavuna, na waliovuna ndio waliotushawishi sisi wengine tupande; walikuwa majirani, wafanyakazi wenzetu na waumini wenzetu. Hakuna aliyekuwa maarufu. Kwa hiyo tusiseme kwamba simu ndiyo iliyoleta udanganyifu. Mnunuzi anayetaka weupe kwa siku saba au faida ya haraka ameshajidanganya nusu ya njia, na mwenye bidhaa anamalizia nusu iliyobaki. Sheria mnayoidai haitamsaidia mtu asiyetaka kuuliza.

Muuza Duka wa Majengo

Mzee wangu, shikamoo. Mwalimu, pole sana. Nimeumia hasa niliposoma habari za mama mkwe.

Mzee, naafiki kwamba tamaa ilikuwepo kabla ya simu. Hata hivyo mfano wako unanipa hoja. Jirani aliyekushawishi kupanda alikuwa amepanda mwenyewe, na mbegu zilipopotea alipoteza pamoja nawe. Alikosea, lakini hakukuuzia neno lake. Huyu wa leo hapandi. Analipwa kabla hujanunua, na hasara yako haimgusi. Ndiyo sababu ninasema mnunuzi hawezi kulaumiwa kwa kutouliza wakati mtu ameshamjibu kabla hajauliza: "Silipwi na mtu." Swali lilikuwepo kichwani mwa mteja wangu, yule mwanafunzi wa bumu. Lilizimwa kwa uongo niliougharimia mimi.

Mama Wawili, Nkuhungu

Dada, mimi nina swali la mtu wa kawaida. Nitajuaje? Binti yangu ana miaka kumi na sita, ana simu, na kila siku ananiletea jina jipya la kitu cha kupaka. Nikimkatalia ananiona mshamba.

Muuza Duka wa Majengo

Mama, usimkatalie, kaa naye na mwangalie pamoja. Mwombe arudi nyuma kwenye ukurasa wa huyo anayemwamini, chapisho baada ya chapisho, hadi miezi sita iliyopita, na ahesabu ni vitu vingapi vya aina moja vimesifiwa kuwa ndicho pekee anachokitumia. Mabinti wenye akili wanalielewa hilo haraka kuliko wakihubiriwa. Msikilizeni pia kama kuna hata kasoro moja iliyotajwa, kwa sababu mtu aliyetumia kitu kweli atakwambia kuwa kinanata, au kinaisha mapema, au harufu yake haikumpendeza. Kisha kabla ya kutuma fedha, mwombe muuzaji picha ya nyuma ya kopo. Anayetuma picha ya mbele mara tatu huku umemwomba ya nyuma ameshakujibu. Jina na anwani ya mtengenezaji, viambato, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda vinapaswa kusomeka, na lebo isiwe imebandikwa juu ya nyingine, pitisha ukucha. Na kitu chochote kinachoahidi kubadilisha rangi ya ngozi ya mtoto wa miaka kumi na sita, mama, hicho usikijadili naye. Hicho kikatae, akuone mshamba.

Kama mna kopo la kutia shaka, msilitupe. Pelekeni TBS likiwa na lebo yake na ujumbe wa malipo kwenye simu. Bila kopo hakuna kinachoweza kupimwa.

Kijana wa Ilazo

Dada, nimefikiri juu ya ulichoniambia. Je, wewe unaweza kunipa kazi kwa masharti hayo uliyoyasema, au ni maneno ya jukwaani?

Muuza Duka wa Majengo

Ninarudi baada ya wiki tatu kama nilivyomwahidi Kijana wa Ilazo kwenye ujumbe wa faragha, na yeye ameridhia nieleze.

Kijana alikuja dukani, tukakaa. Nilimkabidhi chupa ya mafuta ya ubuyu ya wale mama wa Mpwapwa, nikamwambia aitumie siku kumi na nne ndipo tuzungumze, na malipo yake ni yale yale hata akiikataa. Siku ya kumi na tano aliileta ikiwa imebaki robo. Video yake ilianza na maneno aliyoyachagua mwenyewe: "Hili ni tangazo la kulipiwa. Nimelipwa na duka la vipodozi la Majengo." Akasema mafuta yamemsaidia visigino na viwiko, akasema usoni yalikuwa mazito kwake na ameacha kuyapaka huko, akataja bei.

Wiki ya kwanza ziliuzwa chupa 9. Nilipolipa 150,000 kwa uongo niliuza 31, kwa hiyo sitawadanganya kwamba ukweli umeuza zaidi. Wateja wanne kati ya wale tisa waliniuliza kama ni kweli yule kijana amelipwa, nikawajibu ndiyo, nikawatajia na kiasi. Wote wanne walinunua. Mmoja alichukua kwa ajili ya visigino tu na kusema kwamba usoni hatapaka, kwa sababu ameambiwa ni mazito.

Jana wale mama wamepiga simu kuuliza kama walete katoni ya pili. Nimewaambia walete nusu.